Wifi Kushoto, Wifi Kulia

Kazini walimwita Fremu, na jina lenyewe alijitakia. Popote aliposimama alikutanisha vidole vyake vinne, akatengeneza kidirisha, akafumba jicho moja na kuwachungulia watu kupitia humo. Aliwachungulia wateja. Alimchungulia mwenye duka la jirani akigombana na mizani yake. Siku moja alimchungulia bosi wake akipokea simu ya mkewe, akawa anapima ni kiasi gani cha upara kingefaa kubaki ndani ya picha. Bosi alimwambia akome. Hakukoma.

Studio yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mapazia, na kazi iliyowalisha ilikuwa kurekodi mahojiano: wakurugenzi waliotaka kusifia kampuni zao, walimu wakuu, wastaafu, mara mojamoja mganga wa meno. Bosi alitafuta kazi na kuunganisha video. Fremu alipanga kiti, taa na kamera, na katika kupanga hakuwa na mpinzani. Alijua kwamba kamera ikiinuliwa juu kidogo kuliko macho, mtu huonekana mnyonge, na ikishushwa, huonekana mwenye makuu. Alijua pia namna ya kuyatumia hayo vibaya. Mkurugenzi mmoja aliyemfokea kwa kuchelewa dakika nne aliwekewa kiti mbele ya ua la chungu, na kwa dakika ishirini nzima akaeleza mipango ya kampuni huku majani mawili marefu yamemchomozea utosini kama panzi. Mteja aliipenda ile video, akasema imetoka na uhai.

Sasa, jengo la zamani la kituo cha simu lilikuwa likigeuzwa makumbusho madogo, na mtunzaji wake, mama mmoja mpole aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, alitaka video ya dakika kumi ya kuonyesha siku ya ufunguzi. Alitaka wasikike waliokuwa wakiunganisha simu kwa mikono, enzi ambazo ukitaka kumpigia mtu unainua chombo, unamwambia dada wa kituoni, naye anachomeka waya mahali pake. Wa aina hiyo, alisema, walikuwa wamebaki wawili tu mjini. Bosi akasoma majina yao kwenye karatasi. Fremu akakiweka chini kikombe chake cha chai.

Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi. Wa pili alikuwa shangazi yake, dada wa baba.

Bosi alifurahi, maana kazi ya kuwasaka watu ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Fremu akamwambia asifurahi haraka. Hao wawili walikuwa hawasemeshani, mwaka wa tisa sasa.

Kabla ya hapo walikuwa chanda na pete. Walikaa bega kwa bega mbele ya ubao wa simu kwa miaka ishirini na miwili, mama kiti namba moja, shangazi kiti namba mbili. Mashine zilipowapokonya kazi, wakahamishiwa pamoja dawati la wateja. Shangazi ndiye aliyestaafu kwanza. Kwenye sherehe ya kumuaga, mama alipewa nafasi ya kusema machache, akasimama na machozi yakimlengalenga, akamshukuru wifi yake kipenzi, "msaidizi wangu wa miaka yote."

Msaidizi. Shangazi aliweka sahani chini, akachukua mkoba wake, akaondoka. Kesho yake mama alisubiri apigiwe simu aelezwe kisa cha kuondoka bila kuaga. Shangazi naye alisubiri apigiwe simu aombwe radhi. Wakasubiriana hivyo, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na wanawake wawili waliowahi kuunganisha mji mzima wakawa hawawezi kuulizana hali. Shida yote ilimwangukia baba. Akawa anabeba ujumbe huku na huko kama posta: mwambie dada yako bakuli langu alirudishe, mwambie mkeo bakuli nililirudisha, atazame vizuri kabatini.

Bosi alipopeleka ombi la mahojiano, kila mmoja alikubali kwa masharti, na masharti yaliletwa na huyohuyo baba, amesimama mlangoni pa studio akihema kwa ajili ya ngazi. Mama alisema hawezi kuhojiwa siku moja na yule mtu, wala hataki kukalia kiti ambacho bado kina joto lake. Shangazi alisema hana neno na mtu yeyote, ila siku hiyo atakayokuwepo yule mwingine, yeye ana miadi hospitali. Siku gani? Siku yoyote watakayoitaja.

Basi ikapangwa: mama Jumatatu, shangazi Jumatano.

Jumatatu asubuhi Fremu alifika mapema kituoni. Chumba kilikuwa kama walivyokiacha wenyewe: sakafu ya mbao, madirisha marefu, na ukutani ule ubao mkubwa wa simu wenye mamia ya matundu na nyaya zilizoning'inia kwa safu, ncha zake za shaba zimesuguliwa zikang'aa. Akatengeneza kidirisha chake cha vidole, akachungulia, akaona kwamba ubao ule ukiwa nyuma ya msemaji hauhitajiki urembo mwingine.

Katika mahojiano ya video msemaji hatazami kamera. Humtazama anayemuuliza, ambaye hukaa pembeni ya kamera, na mbele ya uso wake picha huachwa wazi, ili macho yapate mahali pa kwenda. Wakiwa wasemaji wawili, fundi mzuri humkalisha mmoja kushoto akitazama kulia, na mwingine kulia akitazama kushoto, ili mtazamaji asichoke. Ndivyo Fremu alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya siku zote. Lakini kuna jambo ambalo kila fundi analijua na wateja hawalijui. Wasemaji hao wawili wakiwekwa mbele ya ukuta mmoja, macho yao yakiwa kimo kimoja na kamera ikiwa umbali uleule, kisha video zao zikafuatanishwa, anayetazama ataapa kwamba wamekaa uso kwa uso wakiongea.

Fremu alibandika utepe sakafuni penye miguu ya kiti na penye miguu ya kamera. Akapima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye lenzi, akauandika kwa kalamu kwenye kiganja. Alijiambia ni utaratibu tu wa kazi. Lakini mtu anayefanya utaratibu tu wa kazi hachekicheki peke yake.

Mama alikuja na gauni la kijani na maswali kumi. Alitaka kujua ni upande upi wa uso wake haukuzeeka, na kwa nini taa inammulika yeye badala ya ubao. Alipokaa akaikazia kamera macho kana kwamba imemwibia kitu. Ilibidi bosi atolewe nje, maana mbele yake mama alikuwa akiongea kama anasoma taarifa ya habari. Fremu akakaa mwenyewe kwenye kigoda kulia kwa kamera, akamwambia amtazame yeye, waongee kama wako nyumbani.

Hapo mama akafunguka. Alieleza walivyokuwa wakizitambua sauti za mji mzima, nani ana mafua, nani kafiwa, nani amekopa na hataki kupatikana. Alieleza pia alivyompata baba. Kijana mmoja alikuwa akipiga simu kituoni kila saa sita mchana kumtafuta dada yake wa kiti namba mbili, na dada huyo akiwa ametoka kula, namba moja ndiye aliyepokea. "Mwezi mzima anapiga saa ambayo anajua dada yake hayupo," mama alisema, akirekebisha kola. "Mtu hawi mjinga kiasi hicho kwa bahati mbaya. Alikuwa ananitafuta mimi."

Kisha, bila kuulizwa, akashusha sauti.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao. Alasiri moja alimpigia mkewe kumwambia kwamba amekwama ghalani, mzigo haujafika, atalala hukohuko. Mama alikuwa amezitegea sikio zile nyaya, jambo lililokatazwa kabisa na lililofanywa kila siku. Naye alijua simu ile haitoki ghalani, kwa sababu waya aliuchomeka kwa mkono wake mwenyewe, na tundu lake lilikuwa la nyumba ya wageni kule juu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisahau kuzima upande wa kusemea.

"Nikasema, mwongo huyo, yuko nyumba ya wageni. Nilikuwa najisemea mwenyewe, mwanangu. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia yule mke anasema, asante dada."

Fremu aliuma ulimi ili kicheko chake kisiingie kwenye sauti. Mama hakucheka. Alisema kwamba saa hiyohiyo mfanyabiashara alikuja juu, msimamizi akaingia chumbani akiwa mwekundu wa macho, akauliza ni nani. Mwenye kosa angefukuzwa kazi. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita, na baba wakati huo alikuwa amepunguzwa kiwandani. Akawa anajikaza ainuke aseme. Kabla hajainuka, kiti cha pembeni kikalia, wifi akasimama, akasema ni mimi. Akarudishwa nyumbani mwezi mzima.

"Ilikuwa mimi," mama akasema. "Sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako. Hiyo mimba ilikuwa wewe." Kisha akajipangusa pua na kusema hicho kipande wakifute.

Fremu alisema watatazama. Hakusema watafuta.

Mwishoni alimwomba mama akae kimya dakika moja, ili kipaza sauti kichukue sauti tupu ya chumba. Hilo nalo ni jambo la kawaida, kila mahojiano yanalihitaji. Isipokuwa kwamba wengine huzima picha, na Fremu aliiacha kamera ikiendelea. Mama hakuzoea kunyamaza. Akabana midomo. Akainua nyusi. Akatazama kulia, akapumua kwa nguvu puani kama mtu anayesikiliza upuuzi na amejizuia kujibu. Dakika ile moja ilikuwa na thamani kuliko saa nzima iliyotangulia.

Jumatano akaja shangazi, mrefu, mkimya, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alipokelewa kwa shikamoo, akaiitikia, na swali lake la kwanza lilikuwa mama yako alikaa wapi. Fremu akamwonyesha. Shangazi akakitazama kiti, akakisogeza mwenyewe upande wa pili hadi kikagota kwenye utepe mwingine uliokuwa ukimngoja pale sakafuni tangu Jumatatu. Fremu hakulazimika kufanya lolote zaidi ya kuhamisha kigoda chake kushoto kwa kamera.

Shangazi aliongea polepole na kwa mpangilio. Naye alieleza habari za sauti za mji. Naye alieleza habari za kijana wa saa sita mchana, ila kwake kisa kilikuwa na miguu tofauti. "Kaka yako mdogo akikupigia kila siku, unajua ana shida," alisema. "Nilimuuliza shida yake nini, akashindwa kusema. Nikaanza kwenda kula saa sita kamili ili apokelewe na yule. Mimi nilikuwa napenda kula saa saba. Nimekula chakula mapema mwezi mzima kwa ajili ya harusi ya watu."

Fremu akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kitu, kama kuna siku waliwahi kupata matatizo na wakubwa.

Shangazi alitabasamu kidogo. Akasema iko siku alisikiliza simu ya mfanyabiashara mmoja wa mbao, akamsikia akimdanganya mkewe, ulimi ukamteleza. "Nilikuwa na mdomo wakati ule. Nikampasulia. Nikapewa mwezi mzima wa kukaa nyumbani, na sikujuta."

Fremu akauliza tena, taratibu: ilikuwa ni wewe, shangazi?

"Ilikuwa mimi," shangazi akasema, akimkazia macho bila kupepesa. "Nani mwingine?"

Miaka tisa hamsemi hata salamu, Fremu akawaza, na bado unamfichia siri. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alisahau kutazama kama picha iko sawa. Alipokumbuka, akamwomba shangazi dakika moja ya kimya. Shangazi alikaa kimya kwelikweli, ameukunja mkono juu ya mkoba, lakini katikati ya dakika kuna jambo alilikumbuka, macho yakapanda juu hadi kwenye dari, yakashuka, na kona ya mdomo ikacheza.

Kuunganisha video ilikuwa kazi ya bosi, ila wiki ile Fremu alijitolea kuifanya mwenyewe, na bosi hakujiuliza kwa nini mtu asiyependa kukaa ghafla amependa kukaa. Siku ya tatu akaitwa atazame. Kwenye skrini wanawake wawili wazima walikuwa wameketi mbele ya ubao wa simu, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakitazamana. Mama alisema, "Alikuwa ananitafuta mimi." Shangazi akapandisha macho darini. Shangazi akasema amekula chakula mapema mwezi mzima. Mama akapumua kwa nguvu puani. Bosi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama hao watu wawili wanajua wamekaa pamoja.

Fremu alisema kila neno ni la kwao, hakuongeza wala hakubadili. Bosi akasema hakuuliza habari za maneno, ameuliza habari za macho. Fremu akasema macho pia ni ya kwao. Bosi akasema siku ya ufunguzi yeye atakaa karibu na mlango.

Siku yenyewe watu walijaa ukumbini kabla ya saa nne asubuhi, wastaafu wa posta na simu, majirani, mwalimu mmoja na darasa lake. Mama alikaa upande wa dirishani. Shangazi alikaa upande wa ukutani, akaacha baina yao viti kumi na vitatu na baba katikati, ambaye alikaa wima kabisa asionekane ameegemea upande wowote. Mtunzaji akasema machache, akashusha miwani ya kichwani akakuta ya puani bado ipo, taa zikazimwa.

Watu walianza kucheka dakika ya pili. Kufika kisa cha saa sita mchana walikuwa hawana mbavu, na wote wakamgeukia baba, naye akatazama viatu vyake. Fremu alikuwa amesimama nyuma, hatazami skrini, anatazama visogo viwili. Cha mama kilikuwa kinatikisika. Cha shangazi kilikuwa kimekaa kama cha sanamu.

Kikafika kisa cha mfanyabiashara wa mbao. Shangazi kwenye skrini akasema ulimi ulimteleza. Mama akasema alisahau kuzima upande wa kusemea. Mwezi mzima nyumbani, akasema shangazi. Kisha nyuso zikafuatana haraka, kushoto, kulia.

Ilikuwa mimi.

Ilikuwa mimi. Nani mwingine?

Ilikuwa mimi. Sikuwahi kumwambia mtu.

Hapo vicheko vikakatika. Watu walihisi wameingia chumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Katika kimya kile kiti kikalia upande wa ukutani, na shangazi akasimama gizani, mkoba kifuani.

"Wewe," akasema, akipitisha sauti juu ya viti kumi na vitatu. "Nani alikutuma uwaambie?"

Mama hakusimama. Alijibu palepale alipokaa, kwa sauti ileile ambayo Fremu aliijua ya jikoni. "Na wewe unamficha nani mpaka leo? Msimamizi mwenyewe ameshakufa."

"Nilikuahidi."

"Nilijua umeahidi. Sikujua kwamba wewe ukishaahidi huna breki."

Shangazi akasema mtu mwenye akili angeendelea kunyamaza. Mama akasema amenyamaza miaka thelathini na tano, kwani alitaka anyamaze mingapi. Shangazi akasema basi angalau angempa taarifa. Mama akauliza angempaje, na simu yake haipokelewi. Shangazi akasema hiyo simu hajaisikia ikilia. Video ilikuwa imekwisha zamani, hakuna aliyewasha taa, na baba alikuwa akigeuza kichwa kushoto na kulia kama anayetazama mpira wa meza. Fremu alimtazama usoni. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemtuma akaseme chochote popote.

Hawakukumbatiana. Watu waliotarajia hivyo walirudi nyumbani na njaa. Walitoka ukumbini wakibishana, wakashuka ngazi wakibishana, na walipofika uani, ghafla wakanyamaza wote wawili. Shangazi akamuuliza mama aliitwa kurekodiwa siku gani. Mama akasema Jumatatu. Shangazi akasema yeye Jumatano. Mama akasema, mbona ulinipandishia macho? Shangazi akasema hajampandishia mtu macho, alikuwa amenyamazishwa, akakumbuka siku mama alipomwita meneja mkuu "mpenzi" akidhani ni baba. Na wewe ulinipumulia puani kwa nini? Mama akasema alikuwa akijiuliza kama amezima jiko.

Wakageuka pamoja kumtafuta Fremu.

Bosi, aliyekuwa karibu na mlango kama alivyoahidi, hakuonekana tena siku hiyo. Fremu alipewa somo peke yake, uani, mbele ya baba na mbele ya mtunzaji aliyejifanya anahesabu vipeperushi. Mama alianza na heshima kwa wakubwa, na kile kipande alichosema kifutwe. Shangazi akaendelea na matumizi ya macho ya watu bila ruhusa. Mmoja akichoka mwingine alipokea, na hakuna hata mara moja walipogongana, kama watu waliokwisha kuzoea kugawana zamu. Fremu alisikiliza ameinamisha kichwa. Alijitetea mara moja tu, kwamba ndivyo kazi ilivyo, akaambiwa na wote wawili kwa pamoja afyate mdomo. Moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuthubutu kuipandisha usoni, na alikuwa na aibu pia, kwa sababu shangazi alipomaliza alimwambia kwa upole jambo moja. Kwamba waliokuwa wakisikiliza simu za watu zamani, angalau walijua kwamba ni kosa.

Hukumu ilikuwa hivi: arekodi upya, wote wawili kwenye picha moja, ili watu waone hasa nani anamtazama nani. Mtunzaji akasema makumbusho yangefurahi mno.

Fremu hakuwahi kupata kibarua kigumu kama kile. Siku ya siku walifika pamoja, tayari wameshagombana njiani. Kwanza ikawa nani akae kulia. Mama alisema kiti namba moja kilikuwa kulia. Shangazi akasema kulia ukiwa umeutazama ubao, na sasa wameupa mgongo, kwa hiyo kulia kumehama. Hapo hapakuwa na wa kumshinda. Kisha ikawa urefu: shangazi alimpita mama kichwa kizima, na mama hakukubali kuwekewa mto wala shangazi kuinama. Fremu akarudisha kamera nyuma ili waenee, akairudisha tena, mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Akaufungua, akatoka na kamera yake kwenye ukumbi wa nje, akarekodi kutokea huko.

Waliulizwa swali moja tu. Walipoanza kujibu kila mmoja akamkatiza mwenzake, kisha wakakigeuza kila mmoja kiti chake ili aelewane vizuri na mwenziwe, na kamera ikabaki na sikio la mama na kisogo cha shangazi. Fremu akaingia kuwaomba wakae kama alivyowakalisha. Mama akamwambia arekodi tu, hawazungumzi na yeye. Shangazi akasema hiyo taa nayo inamuumiza, aizime. Akaizima.

Ndipo alipolisikia lile neno. Shangazi ndiye aliyelitoa, kavukavu: msaidizi. Mama akasema karatasi ya hotuba aliiandika vizuri kabisa nyumbani, ameandika "mwenzangu", lakini aliposimama machozi yakamziba asione alichokiandika, akashika neno lililokuja la kwanza. Shangazi akauliza karatasi yenyewe iko wapi. Mama akasema kwani alitegemea kuulizwa baada ya miaka tisa? Shangazi akasema bila karatasi hakuna ushahidi. Mama akamwambia basi apandishe macho darini kama kawaida yake. Wakaangua kicheko, cha mama kikitangulia na cha shangazi kikija nyuma kwa uzito, na ilichukua muda kabla ya yeyote kuweza kusema tena.

Bosi alipotazama kilichorekodiwa alishika kichwa. Picha ilikuwa na gizagiza, viti vimekaa kombo, uso hauonekani hata mmoja. Hakuna hata dakika moja iliyofaa kuonyeshwa. Ila sauti ilikuwa safi kabisa, saa moja na dakika kumi, bila kukatika.

Mtunzaji ndiye aliyepata la kufanya. Pembeni ya ubao wa simu aliweka meza ndogo, na juu yake simu moja nyeusi ya zamani, nzito, na hakuandika maelezo yoyote. Mgeni akiinua chombo anakutana na wanawake wawili katikati ya maneno yao, wakibishana nani alimtafutia nani mume mwaka gani, na jina la yule mke wa mfanyabiashara wa mbao, ambaye baadaye alifungua duka lake mwenyewe na kufanikiwa. Wageni wengi husikiliza kidogo, wakatabasamu, kisha wakageuka nyuma kutazama kama kuna mtu anawaona. Wakikuta hakuna, hukibana chombo vizuri sikioni na kuvuta kiti.